Maswali ya Wasomaji: Kifuniko cha Chupa, Ganda la Chungwa na Gogo Bichi

Picha tulizochapisha katika toleo lililopita, zikionyesha kazi za sanaa zilizotengenezwa kwa vifuniko vya chupa, chavua ya maua, maganda ya matunda na udongo mtupu, zimetuletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa na watu waliokerwa. Nimezifurahia hata hizo, kwa maana aliyekerwa ametazama. Ninajibu barua tano, nikiwa nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

Swali: Mhariri, niliona katika picha kitu kikubwa kinachometameta, kimening'inizwa ukutani kama joho la mfalme, na maelezo yakasema kuwa ni vifuniko vya chupa za pombe na kwamba aliyekitengeneza ni mchongaji. Mtu huyo hajachonga chochote. Kwa nini aitwe mchongaji? *Mwalimu wa shule ya sekondari*

Jibu: Mwalimu, hapo umegusa penyewe. Tumezoea kumwita mchongaji yule mwenye patasi na tezo, anayeondoa mbao kidogo kidogo mpaka kinyago kitokee, na kwa kazi ya aina hiyo jina linamfaa kabisa. Lakini sanamu hazijawahi kutoka kwenye patasi peke yake. Yuko mfinyanzi anayeongeza udongo juu ya udongo, yuko mhunzi anayemimina shaba iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, na yuko yule anayekusanya vitu vilivyokwisha kuwapo akaviunganisha mpaka vikawa kitu kingine. Njia hii ya mwisho mara nyingi huhesabiwa kuwa ilizaliwa Ulaya mwaka 1913, Marcel Duchamp alipofunga gurudumu la baiskeli juu ya stuli, au mwaka 1942, Pablo Picasso alipounganisha kiti cha baiskeli na usukani wake pakatokea kichwa cha fahali. Mimi siikubali hesabu hiyo moja kwa moja. Minkisi za watu wa Kongo, yaani sanamu zilizoaminika kuwa na nguvu za kiroho, ambazo zilikuwa zimekwisha kufika katika makumbusho ya Ulaya kabla ya miaka hiyo, zilibeba misumari, vipande vya kioo, vitambaa na dawa, na kila kilichoongezwa kilikuwa na kazi yake.

Kazi uliyoiona ni ya El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha uchongaji kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, mjini Nsukka. Kabla ya vifuniko alifinyanga udongo, na alikata mbao kwa msumeno wa mashine na kuzichoma kwa moto. Mwaka 1998 aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali, akauweka karakanani kwa miezi kadhaa kabla ya kujua autumieje.

Chukua kifuniko kimoja cha namna hiyo ukitazame kwa karibu. Alumini yake ni nyembamba kiasi kwamba kidole gumba kinatosha kuikunja. Ukiipasua shingo yake na kuinyoosha unapata utepe wenye jina la kinywaji. Ukikibonyeza kichwa chake unapata kisahani. Ukiisokota ile pete ya chini unapata duara lililo wazi, linalopitisha mwanga. Kila kipande hutobolewa pembeni na kufungwa kwa jirani yake kwa waya mwembamba wa shaba, na wasaidizi wengi huifanya kazi hiyo kwa muda mrefu mpaka wanapata viraka vikubwa, ambavyo Anatsui huvitandaza sakafuni, akavihamisha na kuvigeuza hadi rangi zikae anavyotaka.

Kinachonifanya nimwite mchongaji bila kusita ni hatua inayofuata. Shuka hilo la chuma halina umbo la kudumu. Likitundikwa huanguka kwa mikunjo, hutokeza mbele, huacha mabonde na vivuli, na wanaolitundika wana ruhusa ya kulikunja upya kila linapohamia ukumbi mwingine. Kupanga uzito, kina na kivuli ndani ya nafasi ndiko kuchonga kwenyewe, iwe mkononi pana patasi au pana waya. Maonyesho ya Venice Biennale yalimtunuku Simba wa Dhahabu mwaka 2015 kwa kazi ya maisha yake yote, na Oktoba 2023 mashuka yake makubwa yalitundikwa katika ukumbi mkuu wa Tate Modern, London, watazamaji wakawa wanapita chini yake na kuzunguka nyuma yake.

Hapo ndipo sanamu inapokutana na sanaa ya usimikaji, ambayo haikai mbele yako kama kitu cha kuzungukwa bali hujaza mahali pazima, nawe ukaingia ndani yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni chumba cha udongo cha msanii wa Marekani Walter De Maria, kilichopo New York tangu mwaka 1977: udongo wa mita za ujazo zipatazo 197, wenye kina cha sentimita 56, umetandazwa katika ghorofa ya jengo la kawaida katikati ya mji. Mgeni husimama mlangoni tu. Kwa kuwa udongo huo humwagiwa maji na kusawazishwa kwa reki mara kwa mara, haukauki, na unyevu wake umo katika hewa anayoivuta mgeni huyo akiwa ghorofani.

Swali: Mimi ni fundi wa mabati. Kama kinachotafutwa ni mng'aro, kwa nini msanii huyo asinunue mabati mapya, akayakata vizuri kwa vipimo? Kazi ingekuwa safi na imara zaidi.

Jibu: Fundi, ni kweli kwamba mabati mapya yangeng'aa zaidi na yangekatika kwa usahihi zaidi, ila yangekuwa bubu. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizipeleka katika pwani ya Afrika Magharibi, wakazibadilisha kwa watu waliovushwa bahari kama watumwa. Kifuniko kilichoshikwa, kikafunguliwa na kutupwa na mtu asiyejulikana kimeibeba njia hiyo yote, na mtazamaji anayejua hayo haoni tena joho la dhahabu peke yake.

Tazama pia magunia ya juti anayoyatumia Ibrahim Mahama, naye wa Ghana. Yalitengenezwa Asia, yakaingia nchini humo kubeba kakao, na mengi yakaishia kubeba mkaa. Yamepigwa mihuri, yametoboka, yametiwa viraka, na mengine yameandikwa majina. Mahama huyapata mengi kwa kutoa magunia mapya na kuchukua yaliyochakaa, mabadilishano ambayo mfanyabiashara wa kawaida angeyaona kuwa ni hasara tupu. Mwaka 2015 alifunika nayo kuta ndefu za njia ya nje katika eneo la Arsenale, Venice, na aliyepita pale alipita kati ya jasho la watu waliobeba mizigo hiyo mabegani.

Mfano wa tatu ni kiti cha enzi alichokiunda Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, mwaka 2001 nchini Msumbiji, na ambacho sasa kipo British Museum. Kimetengenezwa kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Mradi wa kuzikusanya ulianzishwa mwaka 1995 na Askofu Dinis Sengulane, na waliosalimisha silaha walipewa majembe, baiskeli na cherehani. Sehemu ya juu ya mgongo wa kiti hicho ni vitako viwili vya bunduki, na matundu yake, kwa macho ya wengi, yanafanana na nyuso za watu. Mtu angeweza kuchonga kiti chenye umbo lile lile kwa mti mzuri, na kingekuwa kiti tu.

Niongeze hili, fundi, kwa sababu najua utaniuliza. Si kila kilichookotwa kina neno la kusema. Nimeona kazi ambazo taka zilikusanywa kwa wingi, kisha zikapakwa rangi moja ili zipendeze, na rangi hiyo ikafuta kila alama ya mahali zilikotoka. Hapo ninakuunga mkono: bora mtu huyo angenunua mabati mapya.

Swali: Mimi ni mhasibu na ninauliza kwa nia njema. Mliandika kwamba jumba la makumbusho lilinunua maganda ya matunda. Mtu anunuaje kitu kinachooza, na mwishowe abaki na nini? Je, si wajibu wa msanii kutengeneza kitu kitakachodumu?

Jibu: Ndugu mhasibu, nitaanza na maganda yenyewe. Msanii wa Marekani Zoe Leonard alifiwa na rafiki yake, msanii David Wojnarowicz, mwaka 1992. Baada ya kula chungwa alichukua maganda yake akayashona yarudie umbo la tunda. Aliendelea hivyo kwa takribani miaka mitano, akitumia machungwa, ndizi, ndimu, mabalungi na maparachichi, mpaka akawa na maganda yapatayo 300, yaliyoshonwa kwa uzi wa rangi, mengine yakitiwa zipu, mengine vifungo. Ganda la chungwa linapokauka hujikunja kwa ndani, hugeuka rangi ya ngozi iliyozeeka, na mishono huanza kuvuta kingo zake. Uzi uliokuwa umelegea siku ya kwanza unaonekana kukaza kama mshono wa jeraha. Ndani hamna kitu. Tunda limeliwa, na mkono uliolishona ulijua hivyo tangu mwanzo. Sioni namna ambayo shaba au marumaru ingeweza kusema juu ya msiba jambo hilo moja.

Kazi hiyo ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, na sehemu ya habari hii inayogusa taaluma yako ni hii: mhifadhi Christian Scheidemann alitafuta njia ya kuzuia uozo, akaipata, na matunda kadhaa yakatiwa dawa kwa mafanikio. Leonard alipoyaona, alikataa. Kuzuia uozo kungeiondoa kazi katika kusudi lake, kwa hiyo aliyeinunua alikubali kumiliki kitu kinachopungua mwaka hadi mwaka, na maganda yakasambazwa sakafuni bila kioo cha kuyafunika.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuna kuoza kulikokusudiwa na kuna kuoza kulikomshinda msanii au kumkuta hayupo. Eva Hesse, aliyefariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 34, alifanya kazi kwa lateksi, yaani mpira wa majimaji unaokauka, ambayo ikiwa mpya huruhusu mwanga kupita na hunepa kama ngozi hai. Kadiri miaka ilivyopita ikawa ya kahawia, ikakauka, ikawa dhaifu hata kugusika ikawa shida. Kazi yake kubwa ya mwaka 1969 iliyo mikononi mwa makumbusho ya Guggenheim ilikaa ghalani miaka 35 na kuonyeshwa tena mwaka 2022 baada ya matengenezo marefu. Hesse alijua kuwa lateksi haidumu, lakini hakuacha maelekezo kamili ya nini kifanyike, na wahifadhi wamebaki wakijadiliana kuhusu kila kipande. Ninawahurumia. Ni kazi ngumu kumlinda mtu asiyeweza tena kuulizwa.

Ipo njia nyingine, ambayo naamini mhasibu ataielewa upesi kuliko wengi. Giovanni Anselmo wa Italia, mwaka 1968, alisimamisha nguzo ya granaiti, akaifungia jiwe dogo kwa waya wa shaba, na kati ya mawe hayo mawili akabana kichwa cha saladi. Saladi ikiwa mbichi hujaza nafasi na jiwe dogo hushika. Ikinyauka, waya hulegea na jiwe huanguka. Ili sanamu isimame, lazima mtu ailishe saladi mpya. Mawe yanamilikiwa kama kawaida, ila saladi haimilikiwi. Kinachomilikiwa ni wajibu wa kuibadilisha. Felix Gonzalez-Torres naye, mwaka 1991, mwenzi wake Ross alipofariki kwa UKIMWI, alifanya lundo la peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi, lenye uzito unaokusudiwa wa kilo 79 hivi, sawa na mwili wa mtu mzima mwenye afya. Watazamaji wanaruhusiwa kuchukua. Lundo linapungua kama mgonjwa anavyokonda, na mwenye kazi anaweza kulijaza tena. Anachomiliki ni hati, maelekezo na haki ya kuisimika kazi upya.

Kwa lugha ya vitabu vyako, basi, wengine hununua mali inayochakaa, kama vile mtu anunuavyo gari akijua litachakaa, na wengine hununua haki pamoja na wajibu. Wengi wamesikia habari za ndizi aliyoibandika Maurizio Cattelan ukutani kwa gundi ya utepe mwaka 2019, ambayo toleo lake moja liliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6.2; hiyo pia ni hati na maelekezo, na ndizi hubadilishwa. Bei yake imevuta macho ya dunia. Kwangu mimi saladi ya Anselmo inafundisha zaidi, kwa sababu jiwe linaloanguka halihitaji mnada ili lieleweke.

Ama kuhusu wajibu wa kutengeneza kitu cha kudumu, wajibu ninaoutambua ni wa msanii kusema mapema, kwa maandishi, kama kazi yake inatakiwa idumu, ioze au ifanywe upya. Asiposema, anawaachia wengine mzigo uliokuwa wake.

Swali: Nafanya usafi katika jengo ambalo hupokea maonyesho ya sanaa. Mara mbili nimesita mbele ya rundo la vitu nisijue kama ni kazi ya mtu au ni uchafu, na naogopa kufukuzwa. Nifanyeje? *Msomaji, jina tumelihifadhi*

Jibu: Dada yangu, kusita kwako ni busara, na wala huko peke yako. Mwaka 1986, katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, Ujerumani, bonge la siagi ambalo msanii Joseph Beuys alikuwa amelibandika juu kwenye kona ya chumba miaka minne kabla lilisafishwa muda mfupi baada ya kifo chake, na jimbo likalazimika kulipa fidia ya mark 40,000. Mwaka 2011, mjini Dortmund, msafishaji alisugua beseni lililokuwa chini ya mnara wa mbao katika kazi ya Martin Kippenberger, akidhani doa jeupe ndani yake ni uchafu, kumbe lilikuwa rangi iliyopakwa makusudi. Mwaka 2015, katika makumbusho ya Museion mjini Bolzano, Italia, chupa tupu na vipande vya sigara vilivyokuwa kazi ya sanaa viliingizwa mifukoni asubuhi. Vilitolewa tena na kazi ikasimikwa upya.

Katika visa vyote hivyo sioni kosa la msafishaji. Aliyesafisha aliisoma kazi kwa macho mazuri: vitu vile vilikuwa na sura ya vile vinavyosafishwa kila siku. Kosa ni la taasisi iliyompa ufagio bila kumpa maelezo. Mwombe msimamizi wako, kabla ya kila maonyesho kufunguliwa, akutembeze ukumbini akuonyeshe mipaka ya kila kazi, akupe orodha yenye picha, na aandike wazi nani anaruhusiwa kugusa nini. Wakikuona msumbufu, waonyeshe jibu hili. Na usiku ukikuta jambo usilolielewa, liache lilivyo mpaka asubuhi. Vumbi la siku moja halijawahi kuharibu maonyesho.

Swali: Shikamoo. Nina umri wa miaka 19 na nataka kufanya sanamu kwa mbao, majani, mbegu na plastiki iliyotupwa. Ndugu zangu wanasema hiyo haina ufundi, kila mtu anaweza. Nimepata gogo la mti ulioanguka, bado bichi. Nianzeje, na gogo lisubiri muda gani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kuhusu ndugu zako, waeleze habari za Giuseppe Penone wa Italia. Tangu mwaka 1969 amekuwa akichukua boriti iliyopasuliwa kiwandani, ile ya pembe nne inayobeba dari, na kutafuta pembeni mwake pete moja ya ukuaji. Pete hiyo ni ngozi ya mti ulivyokuwa mwaka fulani wa ujana wake. Huifuata kwa patasi pande zote, akiondoa miaka iliyoongezeka juu yake, na kila anapofika kwenye fundo huliacha litokeze, kwa sababu fundo ni mzizi wa tawi. Mwishowe ndani ya boriti husimama mti mwembamba wenye vitawi, kama ulivyokuwa ulipokuwa mche, na sehemu ya boriti huachwa bila kuguswa ili uone ulikotolewa. Patasi ikipita pete hiyo kwa milimita chache, mti wa mwaka ule umepotea na haurudi. Mwambie anayesema kila mtu anaweza ajaribu kwa kipande cha mbao cha urefu wa mkono.

Kuna na ufundi wa subira. Wolfgang Laib wa Ujerumani, aliyesomea udaktari kabla ya kuwa msanii, hukusanya chavua kwa mkono, ua kwa ua, kila msimu wa machipuo, na msimu mzima humpatia mitungi michache tu. Mwaka 2013 aliichunga kwa chujio juu ya sakafu ya makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, chavua ya mti wa hazeli ikafanya eneo la manjano la mita 5.5 kwa 6.4, ambalo lilikuwa na mavuno ya tangu miaka ya 1990. Maonyesho yakiisha, hurudishwa mitungini.

Sasa tuje kwenye gogo lako. Mimi mwenyewe, nilipoanza, nilichonga kichwa kutoka kwenye gogo bichi kwa sababu patasi ilikuwa ikiingia kama kwenye sabuni, na nilifurahi kwa wiki tatu. Wiki ya nne ufa uliingia utosini ukashuka hadi kidevuni. Sababu yake ni hii: mbao inapokauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete takribani mara mbili ya inavyosinyaa kutoka katikati kwenda nje, na kwa urefu husinyaa kidogo sana. Gogo zima lenye kiini haliwezi kusinyaa hivyo bila kupasuka mahali fulani. Kwa hiyo una njia tatu. Lipasue katikati kwa kufuata kiini, ili kila nusu ipate nafasi ya kusinyaa. Au lichonge likiwa bichi na kulikomba ndani mpaka unene wake ukaribiane kila upande, kama wanavyofanya wachongaji wa ngoma na mitumbwi. Au uukubali ufa, uupange mapema uingie unapotaka wewe. Njia hii ya tatu huitwa uvivu na wasioijua; kwa kweli inahitaji uzoefu kuliko zote.

Ukichagua kukausha, paka nta au rangi nzito kwenye ncha zote mbili siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi nchani na huko ndiko nyufa huanzia. Liinue kutoka ardhini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, likae kivulini. Ondoa gome, kwa maana wadudu hupenda kukaa kati yake na mbao. Kwa majani, mbegu na vitu vidogo, wadudu huuawa kwa baridi: vifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uviweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uviache siku nzima ndani ya mfuko huo huo kabla ya kuufungua, ili unyevu utue juu ya mfuko usitue juu ya majani.

Plastiki haikwepi kuzeeka, ijapokuwa watu huiona kama isiyokufa. Dumu au ndoo inayokaa juani hupoteza rangi na kuwa dhaifu kwa sababu ya mionzi ya jua, na vipande vyake huanza kukatika penye mikunjo. Kama kazi yako itakaa nje, iachie kipande cha majaribio nje msimu mzima kabla hujaanza. Misumari ya chuma usiipigilie kwenye mti wenye tanini nyingi, ile kemikali ya asili yenye ukakasi, maana kwenye unyevu hutoa madoa meusi yasiyotoka. Tumia ya pua isiyoshika kutu au vigingi vya mbao.

Usisahau mwili wa mtazamaji, wala wako. Ai Weiwei alipotandaza mbegu za alizeti zipatazo milioni 100 katika ukumbi wa Tate Modern mwaka 2010, kila moja imetengenezwa kwa kauri na kupakwa rangi kwa mkono, watu waliruhusiwa kutembea juu yake. Baada ya siku chache ruhusa ikaondolewa, kwa sababu vumbi la kauri lililopanda lilihofiwa kudhuru mapafu. Ukisaga, ukikata au ukipiga msasa, vaa barakoa. Ukitundika kitu juu ya vichwa vya watu, pima uzito wake, kisha tumia kamba na ndoano zinazobeba mara kadhaa ya uzito huo.

Andika karatasi moja kwa kila kazi unayomaliza: imetengenezwa kwa nini, ulivipata wapi, nini kinaruhusiwa kubadilika, nini kibadilishwe kikichakaa, na nani aulizwe. Ibandike nyuma ya picha ya kazi hiyo. Nimemjibu mhasibu kwa urefu hapo juu kuhusu sababu yake.

Umeuliza pia gogo lako lisubiri muda gani kama hutalipasua. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na miti migumu hudai zaidi. Lipime leo, uandike uzito wake kwa chaki kwenye ncha, na ulipime tena kila mwezi. Uzito ukiacha kushuka kwa miezi mitatu mfululizo, chukua patasi.